Barua Kumi na Moja za Geresoni

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaamua kama utaondoka kijijini Ibighi au utashinda hapo hapo, Dainess alikuwa ameshakunywa chai, ameshavuta soksi mpaka magotini na ameshabandika beji yake kifuani. Beji iliandikwa KATIBU. Alikuwa darasa la sita, ana miaka kumi na miwili, na tangu aipate beji hiyo alitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani: shingo imenyooka, macho mbele, chini hatazami.

Nyuma yake mdogo wake Geresoni, wa darasa la tatu, alikuwa ameinama chini ya kitanda akitafuta kiatu.

"Dada, nisubiri."

"Sikusubiri. Katibu anatakiwa shuleni mapema. Na hicho kiatu chako, kila usiku kinakwenda wapi?"

"Dada, leo ni Alhamisi."

"Na kesho ni Ijumaa. Hongera, siku unazijua."

Geresoni akainua kichwa kutoka chini ya kitanda. Dainess alikuwa ameshafika kwenye migomba.

Jumatatu na Alhamisi zilikuwa siku za kuni. Kila mwanafunzi alileta ukuni mmoja mkavu au mbili kwa ajili ya uji wa saa nne. Ukisema kuni kavu Tukuyu mwezi wa nne, mtu anaweza kukuuliza kama una homa, maana huko mvua hainyeshi tu, inakaa kabisa kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini sheria ilikuwa sheria: asiye na kuni hana uji. Viongozi wa klabu peke yao ndio waliosamehewa, na Dainess alikuwa kiongozi.

Klabu yenyewe iliitwa Klabu ya Kupinga Uonevu. Ililetwa mwezi wa tisa wa mwaka uliopita na shirika moja lenye gari jeupe na fulana nyingi. Ukutani pakaandikwa kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kama ndama: SHULE BILA UONEVU. Na barazani, mahali pekee pasipovuja, likawepo sanduku la bluu lililojengewa ukutani, lenye tundu juu na kufuli mbele. Mwalimu Hezron, mlezi wa klabu, aliwaambia wanafunzi wote mstarini:

"Ukionewa, usipige kelele. Usipigane. Usimsumbue mwalimu ofisini. Andika, tumbukiza. Sisi tutasoma."

Kila Ijumaa saa tisa alasiri klabu ilijipanga mbele ya sanduku hilo. Mwalimu Hezron alitoa ufunguo mfukoni taratibu, kama padri anayetoa sakramenti, akafungua, akachungulia.

"Katibu, andika."

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Hakuna tukio. Haya, makofi ya kilo tatu!"

Wakapiga makofi ya kilo tatu. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Venance wa darasa la saba, kijana mwenye mabega mapana, mpiga ngoma wa klabu na mwimbishaji. Akiimba "Uonevu hatuutaki," hata kuku wa nyumba ya mwalimu walikimbia.

Dainess aliandika "hakuna tukio" Ijumaa hiyo, na nyingine, na nyingine tena. Hakudanganya. Sanduku lilikuwa tupu kweli, akaliona kwa macho yake. Akajisikia fahari.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kidogo. Mama yao, aliyeuza ndizi sokoni, alikuwa na jicho la kuhesabu vidole vya ndizi kwa mbali, na jioni moja jicho hilo lilimwangukia Geresoni.

"Wewe, mbona umelowa mpaka kwenye nywele?"

"Mvua, mama."

"Mvua gani? Leo jua limewaka toka saa tatu. Dada yako mkavu, mimi mkavu, hata mbuzi mkavu. Ni mvua ya aina gani hiyo inayochagua mtoto mmoja?"

Geresoni akatazama miguu yake.

"Na daftari lako la hesabu," mama aliendelea, "linaisha kama sabuni. Kurasa unazila?"

"Nachana za kuandikia, mama."

"Unaandika nini?"

Hapo mtoto alimtazama dada yake. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake aanze. Dainess alikuwa akinyoosha jalada la kitabu chake cha kumbukumbu.

"Kama ana shida shuleni, mama, kuna utaratibu," alisema bila kuinua kichwa. "Aandike, aweke sandukuni. Sisi tunafanyia kazi."

Geresoni akaondoka kwenda kukaa karibu na moto. Usiku huo alikohoa, na kesho yake pia.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, wageni wa mradi, wale wa gari jeupe, walikuwa wanakuja. Miezi minane bila tukio hata moja! Shule ilikuwa inapewa cheti. Dainess aliondoka nyumbani kukiwa bado na giza, taarifa yake ikiwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Alimwacha Geresoni uani, ameshika mto wake wa zamani kifuani, akiutoa ile nailoni ya ndani.

"Unafanya nini na mto?"

"Nataka kufungia kitu."

"Usichelewe. Leo kuna wageni," akasema, akaenda.

Wageni walifika saa tatu, na mvua nayo. Mgeni mkuu alikuwa Bi. Najat, mama mnene mwenye mtandio wa zambarau na macho yasiyopitwa na kitu. Wakaketi darasani, meza zikawekewa vitambaa. Klabu ikaanza na igizo, na sijui nani alichagua waigizaji, maana Venance alipewa nafasi ya mtoto anayeonewa. Alianguka chini, akalia "Niacheni jamani, mimi mdogo," akalia mpaka mgeni mmoja akatoa leso.

"Huyu kijana ana kipaji," Bi. Najat alinong'ona.

"Ni mmoja wa nguzo zetu," Mwalimu Hezron akajibu, kifua mbele. Kisha akamgeukia Dainess. "Kabla ya taarifa, kimbia jikoni ulete chupa ya chai ya wageni."

Jiko la shule lilikuwa nyuma ya ukuta wa baraza. Ndani moshi ulikuwa mzito kiasi cha kukatwa kwa kisu. Mama Agness, mpishi wa uji, mzee mnene mwenye kitenge kilichofungwa mara mbili, alikuwa akipuliza moto uliokuwa unakataa.

"Mugonile, Mama Agness," alimsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Subiri, chai haijachemka. Kuni zenyewe hizi zinatoa maji kama zimekamuliwa sasa hivi." Akakohoa, akasimama, akasogea ukutani. Palikuwa na kijimlango kidogo cha ubao, cheusi kwa masizi. Akakifungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa vizuri.

Akaitupa moja motoni. Ikashika mara moja. Moto ukanyanyuka.

Dainess, ameshika chupa tupu ya chai aliyoikuta mezani, alikuwa anatazama ule mlango mdogo. Kwa ndani, juu kidogo, kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga wa nje. Na ubao wa upande wa pili, pale rangi ilipovuja kwenye viungo, ulikuwa wa bluu.

Chupa ya chai ilimponyoka. Ikagonga sakafu, ikapasuka ndani kwa sauti ya kioo.

"Gwe! Umevunja chupa ya wageni!"

"Mama Agness, hilo ni sanduku!"

"Najua ni sanduku. Ni sanduku langu la karatasi. Kabla hata huyo Hezron hajahamia hapa walimu walikuwa wanatumbukiza mitihani ya zamani kwa kule barazani, mimi nachukua kwa huku, nawashia moto. Mwaka jana wakalipaka rangi. Nikasema ahsante Mungu, wamenikumbuka. Na karatasi zenyewe siku hizi ni kavu, watoto wanazikunja vizuri kabisa."

"Imeandikwa pale juu ya sanduku kwamba..."

"Mwanangu, mimi kusoma sijui. Na hakuna aliyekuja kuniambia."

Mkononi mwa mama huyo kulikuwa na karatasi ya pili. Ilikuwa na visanduku vidogo, ya daftari la hesabu. Dainess aliichukua. Alijua mwandiko kabla hajasoma neno. Ile "g" yenye mkia mrefu kama wa ng'ombe aliifundisha yeye mwenyewe, mezani kwao, kwa penseli.

*Mimi ni Geresoni darasa la tatu. Hii ni barua ya kumi na moja. Venance na wenzake wanatunyang'anya kuni kavu kwenye njia ya mashamba ya chai. Wanatuzamisha mferejini. Jana wamesema Alhamisi nikileta kuni mbichi watanizamisha mpaka nisitoke. Naogopa. Dada kama unasoma naomba uniambie hata nyumbani.*

Moshi ulimwingia machoni, au haukuwa moshi. Barua ya kumi na moja! Kumi zilikuwa wapi? Alitazama chini ya sufuria la uji, akaona jivu.

"Mama Agness, leo umemwona Geresoni?"

"Sijamwona. Kwani mdogo wako haletagi kuni kwangu hapa? Wiki nyingi tu simwoni kwenye foleni ya uji."

Dainess alirudi darasani mbio, bila chai, uso mweusi kwa masizi. Mwalimu Hezron alishaanza kumtambulisha.

"Na sasa katibu wetu, mwanafunzi hodari, atatusomea taarifa ya miezi minane. Karibu, Dainess. Mbona umechafuka? Haya, soma taarifa."

Dainess alisimama mbele ya vitambaa vya meza. Akainua karatasi ya visanduku na kuisoma. Alipofika "Venance na wenzake," alimtazama Venance usoni, akaendelea mpaka mwisho.

Yule mgeni wa leso akaishusha. Mvua tu ndiyo ilikuwa inaongea kwenye bati.

"Dainess," Mwalimu Hezron alisema kwa sauti ndogo, akitabasamu upande mmoja wa mdomo, "nimesema taarifa."

"Hii ndiyo taarifa, Mwalimu. Zile nyingine kumi zimepikia uji."

Mwalimu mkuu, mzee mkimya aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisimama hata kiti kikaanguka. "Geresoni yuko wapi sasa hivi?"

Mwalimu wa darasa la tatu akafungua mahudhurio. Kidole chake kilishuka, kikasimama. "Leo hayupo. Nilidhani mvua."

"Venance!" mwalimu mkuu aliita.

Venance bado alikuwa amevaa nguo zilizochanika za igizo. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na safari hii hakuwa anaigiza. "Hatujamkuta leo, Mwalimu. Naapa. Tulimsubiri njiani, hakupita."

"Mlimsubiri," Bi. Najat alirudia neno hilo polepole, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

Wakatoka wote mvuani. Ilikuwa kioja: walimu wenye tai, wageni wenye viatu vya ngozi, mwalimu mkuu bila mwavuli, wote wakikimbia kwenye njia ya mashamba ya chai wakiita jina la mtoto mmoja. Wachumaji wa chai waliinua vichwa kutoka kwenye vikapu vyao. Kwenye mfereji maji yalikuwa ya kahawia, yamejaa mpaka ukingoni, yanakwenda kwa kasi. Mwalimu Hezron aliruka ndani na suti yake, akapapasa kwa mikono, huku akisema "Mungu wangu, Mungu wangu," mpaka akafika kwenye daraja.

Dainess hakwenda mferejini. Alisimama, akafikiri kama anavyofikiri mtoto mdogo anayetaka kupita pasipo na njia. Kisha akakata katikati ya chai, matawi yakimchana magoti, mpaka kwenye kibanda cha kupimia majani, ambacho siku hiyo kilikuwa bado hakijafunguliwa.

Nyuma ya kibanda, chini ya upenu, Geresoni alikuwa amekaa amejikunja. Alikuwa amelowa chapachapa. Midomo ilikuwa ya kijivu na meno yanagongana. Mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia kifua, na ndani ya sweta kulikuwa na kitu kigumu.

"Gere!"

Alimtazama kwa macho mazito. "Dada," akasema. "Leo umesoma?"

Dainess akapiga magoti kwenye tope.

"Sikuwahi kuziona, Gere. Hata moja. Zilikuwa zinachomwa jikoni."

Geresoni alikunja uso, akijaribu kulielewa neno hilo. "Mimi nilijua unazisoma. Kila Ijumaa nilikuwa nakuona unaandika kwenye kitabu. Nikasema, labda nimeandika vibaya. Nikawa naandika tena vizuri."

Alifungua sweta. Ndani ya ile nailoni ya mto mlikuwa na kuni mbili, nyembamba, kavu kabisa. Yeye alikuwa maji matupu, kuni zilikuwa kavu. Alizunguka tangu alfajiri kwenye chai ili asipite njiani, akachoka, akakaa.

Mwalimu Hezron alifika, akamvua mtoto sweta, akamfunika kwa koti lake la suti alilokuwa amelikamua maji. Paji la uso la Geresoni lilikuwa linaunguza. Gari jeupe la mradi, lililozoea kubeba fulana, siku hiyo lilimbeba mtoto mpaka hospitali ya Igogwe. Daktari alimpima kifua, akasema ni nimonia inayoanza, na kwamba wangechelewa siku mbili angeongea maneno mengine. Alilazwa siku nne.

Cheti kilirudi mjini kikiwa hakijaguswa.

Jumatatu wazazi waliitwa. Baba yake Venance, mzee Anosisye, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, alikuja na mkanda mkononi, ameshaukunja tayari.

"Nipeni huyo mtoto. Nimalizane naye hapa hapa mbele yenu."

"Weka mkanda chini, mzee," alisema mwalimu mkuu. "Ukimpiga hapa, atajifunza kwamba mkubwa ana haki ya kumuumiza mdogo. Hilo ameshalijua, ndilo lililotufikisha hapa. Venance, simama useme."

Venance alisimama. Kijana mkubwa hivyo, alitazama sakafu. Alisema, "Nilipokuwa darasa la tatu nilifanyiwa hivyo hivyo. Nilimwambia mwalimu, akasema nisiwe mbea. Nikaona ndivyo shule ilivyo."

Mkanda wa mzee Anosisye ulianguka wenyewe.

Mama Agness naye alikuwapo, amekaa benchi la nyuma, kitenge usoni. "Nilikuwa nachoma vilio vya watoto," alisema, "halafu nawachemshia uji kwa vilio hivyo hivyo. Na wale waliolia ndio hawakuonja."

"Kosa si lako, mama," Mwalimu Hezron alisema. Alisimama bila tai, na alionekana mdogo kuliko siku zote. "Kosa ni langu. Miezi minane sanduku tupu, shule ya watoto mia sita. Hata nyumba yenye watoto wawili haikai siku mbili bila ugomvi! Sikujiuliza. Niliupenda ule utupu kwa sababu uliniletea sifa. Sikuwahi kuingia jikoni, sikuwahi kutembea ile njia ya chai asubuhi, sikuwahi kumwita mtoto mmoja nikamuuliza."

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa. "Na mimi nilikuwa natia sahihi. Tulihesabu ukimya wa watoto, tukauita amani."

Hawakuishia kwenye maneno. Sheria ya kuni ilifutwa siku hiyo; wazazi walikubaliana kuleta mzigo mmoja mmoja kwa zamu, na kila mtoto anywe uji awe na chochote au asiwe nacho. Walimu wawili walianza kutembea njia ya chai asubuhi na jioni, wa kwanza kwa zamu akiwa Mwalimu Hezron na mabuti yake ya mvua. Venance na wenzake watatu walitolewa klabuni, wakaomba msamaha nyumba kwa nyumba wakiwa na baba zao, na kila wiki walikaa na mwalimu mkuu kuzungumza. Na Ijumaa saa tisa, walimu waligawana madarasa, wakakaa na watoto vikundi vidogo vidogo, wakauliza na kusikiliza. Ijumaa ya kwanza peke yake yaliandikwa matukio thelathini na saba. Bi. Najat aliyasoma yote, akasema sasa ndiyo ameanza kuamini kwamba shule hii inafanya kazi.

Geresoni aliporudi kutoka hospitali, alikuta mama amempikia ndizi kwa maziwa. Dainess alikuwa amekaa pembeni ya jiko, sahani yake hajaigusa.

"Mama," alisema, "mimi sikuchoma hata barua moja."

"Hukuchoma," mama akajibu. Akaweka mwiko chini, akageuka. "Lakini sikiliza, Dainess, na ulishike hili mpaka uzeeke. Huyu mtoto alikuja nyumbani amelowa, ukamwona. Alikohoa kitanda cha pili, ukamsikia. Alikutazama usoni hapa hapa, ukamtuma kwenye sanduku. Na mimi pia nilimuuliza mara moja, nikaridhika na jibu la mvua. Sanduku ni zuri, klabu ni nzuri, lakini havina macho wala masikio. Vilikuwa vinategemea yako na yangu. Wewe ulikuwa dada yake kabla hujawa katibu. Mtu akionewa karibu yako, kazi ya kwanza si kuandika. Ni kumgeukia, kumuuliza, na kukaa hapo mpaka aseme."

Dainess aliinuka pembeni ya jiko. Kisha akasogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusana na ya mdogo wake.

"Gere, zile barua kumi za kwanza. Uliandika nini?"

"Zote?"

"Zote. Anza ya kwanza."

Geresoni alimtazama mama, akamtazama dada. Akavuta pumzi, akaanza. Alisimulia barua ya kwanza, akasimulia ya pili, akarudia ya tatu kwa sababu alikuwa ameruka kitu. Ndizi zilipoa sahanini, maziwa yakashika utando, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia afanye haraka.